Liemba: Meli Iliyozama Mara Mbili

Mwaka 1913, katika mji mdogo wa Papenburg kaskazini mwa Ujerumani, mafundi wa kiwanda cha Meyer waliunda meli ya mvuke yenye urefu wa mita 71, wakahakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote. Mabamba ya chuma, mabomba, milango na ngazi vilitiwa alama na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam yakapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, ambayo mwanzoni mwa mwaka 1914 ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma. Hakukuwa na njia nyingine. Ziwa Tanganyika liko katikati ya bara, na mto wake pekee wa kutokea, Lukuga, hauwezi kupitisha meli. Chombo kikubwa cha ziwa hilo hakina budi kufika kwa njia ya nchi kavu, vipande vipande.

Makasha yalifuatana na mafundi watatu kutoka Papenburg: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Kigoma walikuta bandari changa isiyo na karakana ya kazi ya namna hiyo. Wakatengeneza mteremko wa kuishushia meli majini, wakaanza kuunganisha bamba kwa bamba pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika. Kazi ya ribiti si ya mchezo: msumari mnene hupashwa moto hadi uwe mwekundu, hupenyezwa tunduni, na mtu mmoja hushikilia kichwa chake huku mwenzake akiponda ncha upande wa pili kabla haujapoa. Meli ya mita 71 ilihitaji ribiti kwa maelfu mengi. Majina ya wale Wajerumani watatu yamo vitabuni hadi leo. Wengi waliozipiga ribiti zile hawakuandikwa popote, ingawa kazi ya mikono yao ingali inaonekana.

Meli ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilipolipuka, mwezi Julai 1905, na ni majeshi yake yaliyochoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi, njaa ikamaliza kile ambacho risasi haikufikia. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Jina hilo likaandikwa ubavuni mwa meli miaka michache tu baada ya ile njaa.

Meli haijakamilika, vita vikaanza Ulaya, na haukupita muda vikafika kwenye maziwa ya Afrika. Tarehe 13 Agosti 1914, katika Ziwa Nyasa, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba mataifa yao yanapigana. Siku tisa baadaye, Ziwa Tanganyika nalo likaingia vitani. Meli ndogo ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliifuata meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune kwenye mwambao wa Kongo, karibu na mlango wa Mto Lukuga, ikaipiga hadi ikawa haifai. Baadaye Wajerumani wakaharibu pia vyombo viwili vya Waingereza vilivyokuwa kusini mwa ziwa. Ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, lenye kina cha mita 1,470 hivi kwenye sehemu zake za chini kabisa, likawa mali ya upande mmoja.

Maana yake kivita ilikuwa nzito. Mwenye ziwa aliweza kuvusha askari usiku na kupiga ng'ambo atakapo: leo Kongo, kesho mpaka wa Rhodesia. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, alilitegemea ziwa kama ukuta wake wa magharibi. Kulisimamia alipewa Kapteni Gustav Zimmer, aliyekuwa na meli ya utafiti iitwayo Möwe mjini Dar es Salaam. Meli hiyo ilizamishwa na watu wake wenyewe mwanzoni mwa vita isitekwe, na mabaharia wake wakapanda treni kwenda Kigoma. Hapo walikuwa na Hedwig von Wissmann, na Kingani iliyokuwa ndogo zaidi. Tarehe 5 Februari 1915, Graf von Götzen ikashushwa majini. Katikati ya mwaka ilikuwa tayari kwa safari, ikiwa na nafasi ya kubeba mamia ya askari kwa mara moja.

Mzinga wake mkubwa nao ulikuwa na historia yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwa miezi mingi katika delta ya Rufiji, hadi Julai 1915 Waingereza walipoifikia na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Wajerumani na askari wao walirudi kuing'oa mizinga yake kumi kutoka katika maji ya mto, wakaisafisha na kuisambaza nchini. Mmoja ulisafiri kwa reli hadi Kigoma na kufungwa kwenye omo la Götzen.

Habari za meli hiyo zilifika London kupitia mwindaji wa tembo, John Lee, mtu aliyeifahamu Afrika ya kati kwa miguu yake. Mwezi Aprili 1915 alikutana na Admirali Henry Jackson katika Wizara ya Jeshi la Majini, akamweleza kwamba Wajerumani wanaunda meli kubwa Kigoma. Kuunda nyingine kubwa zaidi kungechukua muda mrefu mno. Lee alipendekeza boti mbili za injini, ndogo na zenye mbio, zipelekwe kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zivutwe kupita milima hadi ziwani. Admirali akakubali.

Uongozi ulipewa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa aliyezaliwa Tasmania mwaka 1876, mtu mwenye michoro ya chale mwilini na hadithi nyingi za ushujaa ambazo wenzake hawakuziamini. Kazi yake jeshini ilikuwa imejaa ajali, na vita vilipoanza aliishia kuwekwa mezani. Wakubwa walimchagua kwa kuwa wengine wote walikuwa na kazi. Boti zenyewe zilikuwa za mbao, urefu wa mita 12, zilizoundwa na kampuni ya Thornycroft. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, kwa Kiingereza. Wizara ikakataa. Akarudi na majina ya Mimi na Toutou, ambayo kwa masikio ya Wafaransa ni namna ya kuwaita paka na mbwa wa nyumbani, na Wizara ikayapitisha. Kila boti ilifungwa mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma.

Juni 1915 boti ziliondoka Uingereza pamoja na watu 28, zikafika Cape Town mwanzoni mwa Julai. Treni ikazibeba kupitia Bulawayo na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, hadi Fungurume, mahali reli ilipokoma. Ilikuwa mwanzo wa Agosti. Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilomita 200 za msitu, mabonde na Milima ya Mitumba hadi Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilianzia. Mvua zilitarajiwa Oktoba. Zikiwakuta njiani, udongo ungezishika boti na safari ingeishia hapo.

Vitabu vingi vya Kiingereza hupita haraka sehemu hii ili viwahi mapigano. Mimi naona hapa ndipo palipo kisa chenyewe. Kabla boti hazijatoka Fungurume, vibarua kutoka vijiji vya Katanga walikuwa wameshaanza kufungua njia: kukata miti, kung'oa visiki, kulipua miamba kwa baruti, kusawazisha kingo za makorongo. Madaraja ya magogo yalijengwa zaidi ya mia moja, na kila moja lilitakiwa kubeba trekta la mvuke lenye uzito wa tani kadhaa pamoja na boti inayoburutwa nyuma yake. Matrekta yalikuwa mawili. Mengine yote yalikuwa nguvu za ng'ombe na za watu.

Siku ya kwanza walikwenda kilomita chache. Madaraja mengine yalipasuka chini ya magurudumu, trekta likainama upande, na kazi ikawa ya kulichimbua na kulinyanyua kabla ya kusonga hatua nyingine. Kwenye miinuko mikali ambako trekta lenyewe halikuweza kupanda na mzigo, kamba ilizungushwa kwenye shina la mti imara kule juu, upande mmoja ukafungwa boti na upande mwingine ukafungwa ng'ombe, wakateremka mlima ili boti ipande. Tarehe 8 Septemba walifika juu kabisa, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Boti za vita, za mbao, zikakaa juu ya mlima katikati ya Afrika mahali ambapo hapakuwa na maji hata ya kunywa.

Kiu ndiyo iliyokaribia kuwashinda. Trekta la mvuke hunywa maji kuliko kundi la ng'ombe, na kiangazi kilikuwa kimekausha vijito. Wakaitwa wanawake wa vijiji vya jirani. Walileta maji kwa mitungi kichwani, wakitembea masafa marefu kwenda na kurudi, na maji yao yakamiminwa ndani ya boila. Bila mitungi ile, matrekta yangebaki milimani na boti zake. Katika orodha ya nishani zilizotolewa baada ya vita vya ziwa hilo, hakuna hata mwanamke mmoja wa Katanga. Haki ya kutajwa wanayo, hata ikiwa ni sasa na kwa jumla tu.

Tarehe 28 Septemba msafara ukaingia Sankisia, mvua zikiwa bado hazijaanza. Treni ikazifikisha boti Bukama, kwenye Mto Lualaba, na hapo mto ukawa umepungua mno. Boti zilifungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi, zikasukumwa kwa makasia, na bado zilikwama mchangani mara kwa mara, watu wakaingia majini kuzibeba kwa mabega. Ng'ambo ya mabwawa na visiwa vya mafunjo, walipata kina cha kutosha kupakia boti kwenye vyombo vya mto, wakateremka hadi Kabalo. Reli ya mwisho iliwaleta Lukuga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kabla ya mwisho wa Oktoba.

Huko walijificha. Wabelgiji, ambao ndio walioshika mji, walishirikiana nao kujenga bandari ndogo kwa mawe mahali ambapo leo ni Kalemie. Spicer-Simson akaanza kutembea hadharani akiwa amevaa sketi ya kaki, akisema inafaa kwa joto. Waholoholo wa pwani hiyo walimtazama, wakamtazama na michoro yake ya chale, wakampachika jina la Bwana Kifunga Tumbo.

Kwa upande wa pili, Zimmer alikuwa na wasiwasi juu ya kinachojengwa Lukuga. Mwanzoni mwa Desemba ofisa wake mmoja, Job Rosenthal, aliogelea usiku hadi karibu na ufuko akachungulia. Alipotaka kurudi, chombo chake kilikuwa kimeondoka, na asubuhi Wabelgiji wakamkamata. Inasimuliwa kwamba aliruhusiwa kuandika barua ya kuomba nguo zake, na kwamba katika karatasi hiyo hiyo aliandika kwa mkojo maneno yasiyoonekana, akieleza alichokiona. Barua ilichelewa kufika, na maandishi yaliyofichika hayakugunduliwa hadi yalipokuwa hayana faida tena.

Mimi na Toutou zilishushwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915, Waingereza wakiwa kwenye ibada, Kingani ikaonekana inakuja taratibu kutoka kaskazini, ikifuata mwambao. Spicer-Simson alimaliza sala kwanza. Kisha boti zikatoka, zikasubiri Kingani ipite, zikaifuata kwa nyuma. Mzinga pekee wa Kingani uliweza kupiga mbele tu. Nahodha wake, Luteni Junge, aligeuza chombo apate shabaha, lakini boti zile zilikuwa na mbio mara mbili ya zake na hazikumpa nafasi. Kombora likapiga penye mzinga, likamuua yeye na wenzake. Pambano lilichukua dakika 11. Mabaharia waliosalia, Wajerumani na Waafrika, walikamatwa. Kingani ikaburutwa hadi ufukoni ikivuja, ikazibwa, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi na kupewa jina jipya la Fifi.

Kigoma hawakujua kilichotokea. Zimmer alidhani mizinga ya Wabelgiji ya nchi kavu ndiyo iliyoizamisha Kingani, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kuwaza kwamba kuna boti zimetoka London na kupita juu ya Milima ya Mitumba. Akaituma Hedwig von Wissmann kuchunguza. Tarehe 9 Februari 1916 ikakutana na Fifi na Mimi. Jua lilikuwa kali, maji yametulia, na mangazimbwe yaliwapotosha wapiga mizinga wa pande zote mbili. Hedwig ilianza kukimbilia mashariki, na Fifi ilikuwa nzito mno kuifikia. Mimi ndiyo iliyoikimbiza, ikaisumbua kwa makombora madogo hadi nahodha Odebrecht akalazimika kugeuka kujibu, na kila alipogeuka Fifi ilisogea. Fifi ilikuwa imebakiwa na makombora machache sana ilipopata shabaha. Hedwig ilizama, na bendera yake ya jeshi la majini ikachukuliwa.

Siku iliyofuata Graf von Götzen yenyewe ikatokea, ikipita polepole mbele ya Lukuga kumtafuta dada yake. Maofisa wa Kiingereza waliziendea boti zao. Spicer-Simson akakataa kutoka. Waliokuwa naye waliona aibu, na wengine hawakumsamehe maisha yao yote. Mimi simlaumu kwa hilo. Boti ya mbao ya mita 12, iliyojaa petroli, mbele ya mzinga wa milimita 105, ingeungua yote kwa kombora moja. Nikimlaumu, ni kwa ya Juni mwaka huo huo, alipofika na boti zake mbele ya boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, akawaacha Wajerumani waondoke usiku kwa majahazi huku majeshi ya nchi kavu yakiwa yamewazingira. Baada ya hapo aliugua, akarudishwa kwao. Alifariki mwaka 1947, Kanada.

Lililowashangaza wengi baadaye ni kwamba Götzen waliyoiogopa ilikuwa inapungukiwa meno. Lettow-Vorbeck alihitaji mizinga nchi kavu, ambako majeshi ya Uingereza, Afrika Kusini na Ubelgiji yalikuwa yanambana pande zote. Mzinga wa Königsberg ulipong'olewa kwenye omo, mahali pake pakawekwa mfano wa mti uliopakwa rangi. Meli ikaendelea kulinda ziwa kwa sura tu.

Wabelgiji nao walikuwa wameleta ziwani silaha ambayo watu wa pwani ile hawakuwa wameiona: ndege za kutua majini. Kuanzia Juni 1916 ziliruka kutoka Kongo na kudondosha mabomu Kigoma. Nchi kavu, majeshi ya Jenerali Charles Tombeur, yaliyojaa askari Wakongomani, yalikuwa yameshapita Rwanda na Urundi na yanashuka kuelekea Tabora, mji waliouingia tarehe 19 Septemba. Kigoma haikuweza kuokolewa. Zimmer akaamuru meli izamishwe.

Tarehe 26 Julai 1916 Götzen ilipelekwa kusini, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Mafundi waliokuwa wameiunda ndio waliopewa kazi ya kuizamisha, nao waliifanya kwa namna ya mtu anayeweka akiba. Kwanza walizipaka injini grisi nzito kila sehemu, ili maji yasipate chuma cha kula. Kisha wakafungua maji yaingie taratibu, meli ikashuka imesimama wima, isiumie, katika kina ambacho siku moja mtu angeweza kuifikia. Waliamini watarudi kuitwaa. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Hawakurudi. Vita viliisha mwaka 1918, na Ujerumani ikapoteza makoloni yake yote. Wabelgiji waliiinua meli na kuivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 tufani ikaizamisha tena palepale bandarini. Wanaolifahamu Ziwa Tanganyika hawatashangaa. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, mawimbi hupata mamia ya kilomita za kukua kabla ya kupiga pwani. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakakabidhi Kigoma kwa Waingereza, na mabaki yale ya chini ya maji yakawa sehemu ya urithi.

Tarehe 16 Machi 1924 Waingereza wakaiibua. Ilikuwa imekaa chini ya maji, ukijumlisha vipindi vyote viwili, muda mrefu kuliko ilivyowahi kusafiri. Walipoifungua, injini na maboila yalikuwa bado yanatengenezeka. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Matengenezo yakachukua miaka mitatu, na tarehe 16 Mei 1927 meli ikaanza safari kwa jina jipya. Jina la gavana lilifutwa. Badala yake ikaitwa Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji alipofika kusini mwa ziwa hilo mwaka 1867, yaani jina ambalo watu wa huko waliliita ziwa lao kabla ya Mjerumani, Mbelgiji au Mwingereza yeyote kulidai.

Vita vile vya boti vilimpa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935, na mwaka 1951 ikatoka filamu iliyompatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Humo kuna mto, mmishonari na mlevi wa mashua. Wanawake wenye mitungi hawamo, na wapiga ribiti wa Kigoma hawamo. Riwaya haina deni la ukweli, lakini ndiyo iliyowafanya wasomaji wengi wa Ulaya waifahamu meli hii, na wakaifahamu kama sehemu ya kisa cha Wazungu waliokuwa wanapigana mbali na kwao.

Kwa watu wa Kigoma, Rukwa na Katavi, Liemba ni kitu kingine kabisa. Ilikuwa usafiri. Kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo njia ya kuaminika kwenda vijiji vya mashariki mwa ziwa ambako milima imeshuka hadi majini na barabara hazikufika. Ilitoka Kigoma ikaelekea kusini hadi Mpulungu nchini Zambia, ikisimama Lagosa, Ikola, Kirando, Kipili, Kasanga na vituo vingine vingi. Gati zilikuwa chache sana. Penye kijiji, mara nyingi usiku, meli ilipiga honi na kusimama mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi na boti zikaizunguka zimejaa watu, magunia ya dagaa, mahindi, mananasi, kuku, magodoro na watoto waliolala. Kwa nusu saa kila mtu alipaza sauti. Wengine walipanda, wengine walishuka, mizigo ilirushwa na kudakwa, kisha giza likarudi na meli ikaendelea. Injini zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Mwili wake umebaki ule ule wa Papenburg, wenye ribiti zile zile.

Meli iliyoundwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia isingefaa kuombwa ifanye zaidi ya hapo, lakini iliombwa. Mwaka 1997, vita vilipomwangusha Rais Mobutu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, Liemba ilikodiwa kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo waliokuwa Tanzania, ikavuka ziwa safari baada ya safari na kubeba makumi ya maelfu ya watu. Walishuka ng'ambo ile ile ambako boti za Spicer-Simson zilijificha.

Kisha ukaja mwaka 2015. Mwezi Aprili, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipotangaza kugombea muhula wa tatu, watu walianza kukimbia nchi. Wengi walishuka milima kwa miguu hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa mpakani kabisa. Hakuna barabara ya gari iliyofika Kagunga. Katika wiki chache makumi ya maelfu ya watu walijazana kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, wakinywa maji ya ziwa hilo hilo walimokuwa wakioga, na kipindupindu kikaingia mwezi Mei. Kupanda tena mlima ilikuwa haiwezekani kwa wagonjwa, wazee na wanawake waliokuwa na watoto wachanga. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa ukaikodi Liemba.

Kagunga nako hakukuwa na gati. Boti za wavuvi ziliwachukua watu ufukoni, zikawapeleka ubavuni mwa meli, na wakapandishwa mmoja mmoja kwa mikono, vikongwe na watoto kwanza. Meli ya abiria 600 ilikwenda na kurudi kati ya Kagunga na Kigoma wiki kwa wiki hadi ufuko ukabaki na wenyeji wake. Waliofika Kigoma walisubiri kwanza katika uwanja wa mpira, wagonjwa wakapewa dripu na maji safi, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu.